Kigeu Kisichogeuka: Faida na Gharama za Lugha za Kifankisheni katika Kazi za Kila Siku za Mwanaisimu wa Kiswahili



1.0 Utangulizi

Nimepewa heshima ya kuzungumza mbele yenu jioni hii, na bila shaka baadhi yenu mmeshangazwa na mada niliyoichagua. Mtu aliyeutumia utu uzima wake kufundisha fonolojia na mofolojia ya Kiswahili ana nini cha kusema juu ya lugha za kompyuta? Jibu langu ni fupi. Sisi wanaisimu tumekuwa tukiandika programu kwa muda mrefu, ingawa hatujiiti watunzi wa programu. Tunahesabu maneno katika matini, tunatenga mizizi ya vitenzi, tunapanga vidahizo vya kamusi, tunakagua upatanisho wa kisarufi. Tangu miaka ya 1980, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alipoanza kujenga kichanganuzi cha Kiswahili kwa kufuata mofolojia ya ngazi mbili, nadharia iliyoasisiwa na Kimmo Koskenniemi mwaka 1983, imedhihirika kwamba sarufi ya Kiswahili inaweza kuandikwa kwa namna ambayo mashine itaielewa. Linalobaki ni kuamua iandikwe kwa lugha gani.

Uamuzi huo hufanywa mara nyingi kwa mazoea. Mwanafunzi hutumia lugha aliyofundishwa, na msimamizi wake hukubali kwa sababu hana la kusema. Katika mhadhara huu ninakusudia kulitazama kundi moja la lugha hizo, zinazoitwa lugha za kifankisheni, kama vile Haskell, OCaml na Erlang. Zina wapenzi wanaozisifu kupita kiasi na wapinzani wanaozikwepa bila kuzijua. Nitaeleza zinatoa nini na zinadai malipo gani katika kazi za kila siku, na ni nani hasa anayeyalipa malipo hayo. Hoja yangu nimeipata kwa taabu. Idara niliyoifanyia kazi ilirithi kichanganuzi cha vitenzi kilichoandikwa kwa Haskell na mwanafunzi mmoja hodari sana, nasi nusura tukipoteze.

2.0 Fankisheni ni nini?

2.1 Dhana yenyewe

Tuanze na jambo la kawaida. Mashine ya kusaga hupokea mahindi na kutoa unga. Ukiipa mahindi yale yale leo na kesho, itakupa unga ule ule. Haikumbuki ni nani aliyesaga jana, wala haigusi gunia la jirani. Fankisheni katika hisabati ni kitu cha namna hiyo: hupokea kitu, hutoa kitu, na jibu lake hutegemea kile ilichopewa tu.

Lugha za programu zilizozoeleka, kama vile C, Java na Python, zimejengwa juu ya msingi tofauti. Ndani yake mtunzi hutoa maagizo kwa mfuatano: weka namba hii katika sanduku lile, ongeza moja, rudia mpaka mwisho. Sanduku hilo huitwa kigeu, kwa sababu kilichomo hugeuka. Katika lugha ya kifankisheni iliyo safi, kigeu kikishapewa thamani hakigeuki tena. Hapa mwanaisimu ana haki ya kutabasamu: tuna kigeu kisichogeuka! Lakini utata huo wa istilahi ndio kiini cha mada yetu. Faida zote na gharama zote nitakazozitaja zinatokana na katazo hilo moja.

Yeyote kati yenu aliyewahi kujumlisha alama za mtihani katika jedwali la Excel amekwisha kuonja mtindo huu. Kisanduku cha jumla kina fomula. Ukisahihisha alama ya mwanafunzi mmoja, jumla na wastani hujirekebisha vyenyewe. Hukuiambia mashine ianze wapi na imalizie wapi. Ulisema tu kipi kinategemea kipi. Si ajabu, basi, kwamba mwaka 2020 kampuni ya Microsoft ilitangaza kwamba Excel itakuwa na uwezo wa mtumiaji kutunga fankisheni zake mwenyewe, na uwezo huo ukapewa jina la LAMBDA.

2.2 Historia kwa ufupi

Jina hilo lina asili ya mbali. Katika miaka ya 1930 mwanahisabati Mmarekani Alonzo Church alibuni mfumo wa kueleza ukokotoaji wote kwa fankisheni peke yake, akaziwakilisha kwa herufi ya Kiyunani lambda. Mwaka 1958 John McCarthy alianza kubuni LISP, lugha iliyoyachukua baadhi ya mawazo hayo na kuyaingiza katika kompyuta. Katika miaka ya 1970 Robin Milner na wenzake huko Edinburgh walitunga ML, iliyoongeza mfumo madhubuti wa aina. Mwaka 1977 John Backus, aliyeongoza kazi ya kuunda FORTRAN, alitumia mhadhara wa kupokea Tuzo ya Turing kuushambulia mtindo wa maagizo ambao yeye mwenyewe alisaidia kuueneza. Haskell, iliyotungwa na kamati ya wataalamu ili kuunganisha juhudi zilizotawanyika, ilipata maelezo yake rasmi ya kwanza mwaka 1990.

3.0 Faida: ushahidi wa vitenzi vya Kiswahili

3.1 Mnyambuliko kama fankisheni

Kwa mwanaisimu wa Kiswahili, mtindo huu unaingia akilini bila kulazimishwa. Kila kauli ya kitenzi ni fankisheni. Kauli ya kutendea hupokea mzizi na kutoa shina jipya. Huichagua irabu ya kiambishi kwa kutazama irabu ya mwisho ya mzizi na si kitu kingine:

(1) a. tendea(pik-) → pikia
    b. tendea(som-) → somea

Tena, fankisheni huunganishwa, na mpangilio wa kuunganisha hubeba maana:

(2) a. fahamu → tendana → fahamiana → tendesha → fahamianisha
    b. fahamu → tendesha → fahamisha → tendana → fahamishana

Kufahamianisha watu ni kuwafanya wajuane. Kufahamishana ni kupeana habari. Fankisheni ni zile zile mbili. Kilichobadilika ni ipi imetangulia. Katika lugha ya kifankisheni, mistari ya (2) huandikwa karibu kama nilivyoiandika hapa. Sarufi na programu husomeka kwa namna moja.

Wapo waliokwisha kuitumia hali hii. Gérard Huet wa Ufaransa alijenga zana za kuchanganua Kisanskriti kwa lugha ya OCaml. Mwaka 2004 Markus Forsberg na Aarne Ranta wa Sweden walichapisha maktaba ya Haskell iliyoitwa Mofolojia ya Kifankisheni, ambayo kwayo zimeandikwa mofolojia za Kilatini, Kiswidi na Kiurdu, miongoni mwa nyingine. Ranta huyo huyo ndiye mwanzilishi wa Grammatical Framework, lugha ya kifankisheni iliyoanza mwaka 1998 kwa ajili ya kuandika sarufi tu. Kiswahili ni miongoni mwa lugha ambazo sarufi zake zimeandikwa humo.

3.2 Kitenzi kilichoambukizwa

Faida ya pili niliijua kwa makosa yangu mwenyewe. Kabla ya kichanganuzi nilichokitaja, niliandika programu ndogo ya kuunda vitenzi kwa lugha ya maagizo. Viambishi vya kitenzi nilivihifadhi katika orodha moja, nikawa naipeleka orodha hiyo kwa vijiprogramu mbalimbali. Kijiprogramu cha ukanushi kilifanya kazi yake vizuri: kiliibadili irabu ya mwisho -a kuwa -i, kikatoa hapiki. Lakini kitenzi kilichofuata, ambacho hakikuwa cha ukanushi, kilitoka anasomi.

Nilipokijaribu kitenzi cha pili peke yake, kilitoka sawasawa: anasoma. Nilipovirudisha vyote viwili, kosa lilirudi. Nilipoteza siku tatu. Kumbe kijiprogramu cha ukanushi hakikutengeneza orodha mpya, bali kilibadili ile ile iliyokuwa ikitumiwa na wote. Ukanushi wa kitenzi kimoja ukawaambukiza majirani zake.

Katika Haskell kosa hilo haliwezi kutokea kwa njia ile, kwa kuwa hakuna kijiprogramu chenye uwezo wa kubadili orodha ya mwenzake. Kinaweza tu kutoa orodha mpya. Ukishathibitisha kwamba kanusha(pik-) hutoa hapiki, umethibitisha hivyo kwa kila mahali na kila wakati. Kwa hiyo unaweza kukikagua kila kijisehemu peke yake na kukiamini.

Sifa hiyo hiyo husaidia pale kazi nyingi zinapofanyika kwa wakati mmoja, kwa sababu hakuna kitu cha pamoja cha kugombania. Erlang ilizaliwa mwaka 1986 katika kampuni ya simu ya Ericsson huko Sweden kwa ajili ya mitambo ya kuunganisha simu. Kila anayetuma ujumbe kwa WhatsApp, awe Kariakoo au Muscat, anaitumia bila kujua, kwani ndiyo lugha iliyotumika kuandika programu za seva zake.

3.3 Aina na ngeli

Faida ya tatu ni mfumo wa aina. Katika lugha kama Haskell na OCaml, mtunzi hutangaza kwamba ngeli ni aina yenye wanachama kadhaa: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI na kadhalika, hadi ngeli ya mahali. Akiandika fankisheni ya kutafuta kiambishi cha kiima na akaisahau ngeli ya mahali, kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mtunzi kuwa maagizo ya mashine, inaweza kumwonya kabla programu haijaanza kazi. Katika lugha isiyokagua aina, upungufu huo hulala kimya mpaka siku atakapotokea msomaji mwenye sentensi kama “Pale pamejaa maji.” Kwa lugha yenye upatanisho mpana kama yetu, onyo hilo ni msaada mkubwa.

4.0 Gharama

Nimezieleza faida kwa ukarimu. Sasa ni haki kuzitaja gharama. Nitazigawa katika makundi matatu.

4.1 Ulimwengu unabadilika

Faili hufutwa, tarehe husonga, mtumiaji hubonyeza kitufe kisichotarajiwa. Programu isiyogusa ulimwengu haina faida kwa mtu, na programu inayougusa haiwezi kuwa mashine ya kusaga tupu. Haskell hulitatua jambo hili kwa njia iliyokomaa katika miaka ya 1990, kwa dhana ya kihisabati inayoitwa monadi. Kwa lugha nyepesi, kila fankisheni inayougusa ulimwengu wa nje hupigwa muhuri katika aina yake. Yeyote anayelitumia jibu lake kwa njia ya kawaida naye hupigwa muhuri.

Muhuri huo una manufaa, maana unajua kwa kutazama tu ni sehemu ipi ya programu inayoweza kusoma faili na ipi haiwezi. Lakini fikirini hali hii ya kila siku. Mnashuku kwamba fankisheni ya tendea inakosea katika vitenzi vya asili ya Kiarabu. Katika Python mngeweka mstari mmoja katikati yake wa kuchapisha mzizi uliopokelewa, mkatazama, kisha mkaufuta. Katika Haskell, kuchapisha ni kugusa ulimwengu. Kwa njia halali mngelazimika kubadili aina ya fankisheni hiyo na ya zote zinazoitumia, ngazi kwa ngazi. Upo mlango wa uani uliowekwa kwa ajili ya shida hii, lakini mwanagenzi hauoni, na akiuonyeshwa huona kama anafundishwa kuvunja sheria aliyofundishwa jana.

4.2 Kumbukumbu na madeni

Kundi la pili linahusu mashine. Haskell ina tabia ya kuahirisha: haikokotoi kitu mpaka jibu lake lihitajike. Uzuri wake ni huu. Tuchukue viambishi vya kiima 15, alama za njeo 5, na nafasi ya mtendwa yenye chaguo 16 pamoja na kuachwa wazi. Kitenzi kimoja kitakuwa na maumbo 1,200. Tukiongeza minyambuliko 10, tunafika 12,000. Kwa vitenzi 3,000 tunapata maumbo milioni 36. Katika Haskell unaweza kuyaeleza maumbo yote hayo kama orodha moja, na mashine itaunda yale tu utakayoyaomba. Unaandika sarufi nzima bila kuhofia ukubwa wake.

Sasa tuitazame kazi rahisi kuliko zote: kuhesabu maneno katika matini kubwa. Kila neno likipita, programu inapaswa kuongeza moja katika hesabu yake. Kwa kuwa Haskell huahirisha, inaweza isiongeze kitu. Huandika hati ya deni: “moja, jumlisha moja, jumlisha moja,” na kuendelea, ikisubiri aulize mtu. Neno “na” likitokea mara milioni, hati itakuwa na madeni milioni, na yote yanakaa katika kumbukumbu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Siku ya kudai jumla, kumbukumbu hujaa na mashine husimama. Dawa ipo, nayo ni fupi: kuna fankisheni zinazolazimisha malipo ya papo kwa papo, na tofauti ya jina inaweza kuwa alama moja tu ya ritifaa mwishoni. Tatizo ni kujua dawa hiyo inahitajika wapi, kwani programu yenye madeni na isiyo na madeni hufanana sana kwa macho.

Hali ni kama hiyo kwa maandishi yenyewe. Kwa desturi ya zamani, Haskell huliona neno kama mnyororo wa herufi, na katika mashine za biti 64 kila pingili huchukua baiti 24. Herufi ya Kiswahili katika faili huchukua baiti 1. Matini ya megabaiti 100, ikipakiwa yote kwa njia hiyo, hudai takriban megabaiti 2,400. Hapa pia dawa ipo, maktaba ya maandishi iliyobanwa vizuri, lakini haikuwa chaguo la kwanza ambalo mwanagenzi alikutana nalo kitabuni.

Nisieleweke vibaya. Si kweli kwamba lugha hizi hunakili kila kitu kila mara. Kamusi ya maneno 1,000,000 iliyopangwa kama mti inahitaji hatua zipatazo 20 kulifikia neno lolote. Likiongezwa neno, tawi lililoguswa tu ndilo huandikwa upya, na mengine yote hutumika yale yale. Gharama ya kutobadili kitu mara nyingi ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Ugumu ni kuikadiria mapema, hasa pale ukokotoaji unapoahirishwa.

4.3 Watu

Kundi la tatu ndilo lililonifanya niandike mhadhara huu. Kichanganuzi nilichokitaja kilifanya kazi vizuri kwa miaka kadhaa. Mwanafunzi aliyekitunga alihitimu, akapata ajira mbali, na kwa haki kabisa akaendelea na maisha yake. Kompyuta iliponunuliwa mpya, kichanganuzi kilikataa kutengenezwa upya juu yake, kwa sababu maktaba alizozitegemea zilikuwa zimebadilika. Hapakuwa na mtu idarani aliyeijua Haskell. Tuliwauliza wenzetu wa fani ya kompyuta. Walitupokea vizuri, lakini wao walifundisha Java. Kazi ya miaka minne ikakaa ndani ya mashine moja iliyozeeka chini ya meza, na kwa takriban miaka miwili kila aliyeihitaji alikwenda pale na diski yake.

Tusidhani kwamba kosa ni la lugha peke yake. Programu iliyoandikwa kwa Python nayo huzeeka, na maktaba zake nazo hubadilika. Aidha, mtumiaji hahitaji kuijua lugha ya mtunzi. Watu wengi hubadili umbo la nyaraka zao kwa Pandoc, iliyotolewa mwaka 2006 na mwanafalsafa John MacFarlane, bila kujua kwamba imeandikwa kwa Haskell. Tofauti ipo kwa mrithi. Idadi ya watu wanaoweza kuitengeneza Pandoc ni kubwa duniani, nao hukutana. Idadi ya watu wanaoijua Haskell na sarufi ya Kiswahili kwa pamoja ni ndogo mno, na katika idara yetu, baada ya mmoja kuondoka, ilikuwa sifuri.

5.0 Tulichokikuta ndani

Hatimaye tuliamua kuyafungua maandishi ya kichanganuzi na kuyasoma, sisi wanasarufi tusiojua lugha ile. Tulichokikuta kilinifundisha zaidi ya vitabu.

Sehemu ya kwanza tuliielewa ndani ya juma moja. Mwanafunzi yule alizipa fankisheni zake majina ya Kiswahili: tendea, tendana, tendesha, kanusha, kiima, njeo. Kila moja ilipokea kitu na kutoa kitu. Hapakuwa na jambo lililofichwa, kwa hiyo tuliweza kuzisoma moja moja, kama mtu asomavyo kanuni katika kitabu cha sarufi. Tulidiriki hata kuona kosa: kanuni ya vitenzi vya silabi moja iliyasahau baadhi ya mazingira ambamo ku- hubaki.

Sehemu ya pili hatukuielewa hata baada ya mwezi. Hiyo ilikuwa sehemu ya kusoma faili, kuhifadhi matokeo, kudhibiti kumbukumbu na kulazimisha madeni yalipwe. Humo monadi zilipangwa moja juu ya nyingine, na alama zilikuwa nyingi kuliko maneno. Ilikuwa sahihi, na ilikuwa fumbo.

Mgawanyo huo, nadhani, haukutokea kwa bahati. Sarufi kwa asili yake haibadiliki wakati programu inakwenda. Kanuni ya tendea ni ile ile asubuhi na jioni. Katazo la kubadili vitu halikuigharimu sehemu hiyo kitu chochote, bali liliipa uwazi. Faili na kumbukumbu kwa asili yake hubadilika, na hapo katazo lile lile liligeuka kuwa mzigo unaohitaji ustadi wa miaka kuubeba.

Tukafanya hivi. Katika mashine ile ya zamani, ambamo kichanganuzi bado kilikuwa hai, tuliandaa orodha ndefu ya vitenzi na majibu yake. Kwa kuwa fankisheni safi hutoa jibu lile lile daima, orodha hiyo ilikuwa ushahidi wa kuaminika wa kazi yote iliyofanywa. Kisha tuliziandika kanuni upya kwa Python, tukizilinganisha kila siku na orodha hiyo, na tukatunga upya sehemu ya faili kwa njia ya kawaida. Mambo mawili tuliyapoteza. Kompaila haituonyi tena tukisahau ngeli, ikatubidi tuandike majaribio yetu wenyewe. Pia hakuna anayemzuia mwanafunzi mpya kubadili orodha ya mwenzake. Tunamwomba asifanye hivyo, na mara moja moja husahau. Tulichopata ni kwamba leo wapo watu wanne wanaoweza kukitengeneza.

6.0 Mapendekezo

Kutokana na hayo, napendekeza kwamba msimamizi yeyote wa mradi wa lugha na kompyuta aulize maswali matatu kabla ya kuidhinisha lugha ya programu. Kwanza, ni sehemu gani ya kazi hii isiyobadilika, na ni ipi inayobadilika? Sehemu isiyobadilika iandikwe kwa fankisheni safi hata kama lugha si ya kifankisheni. Jambo hili limekuwa rahisi siku hizi, kwani lugha za kawaida zimeazima mengi: Java, kwa mfano, ilipokea fankisheni zisizo na jina katika toleo lake la 8 la mwaka 2014, na Python inazo tangu miaka ya 1990. Pili, data ni kubwa kiasi gani, na je, yupo anayeweza kukadiria kumbukumbu itakayohitajika? Tatu, mtunzi akiondoka, ni nani atakayeisoma kazi hii?

Jibu la swali la tatu likiwa “wapo,” lugha ya kifankisheni inaweza kuwa chaguo bora. Likiwa “hakuna,” basi ama idara ifundishe warithi, ama ichague lugha nyingine. Kwa upande wangu ningependa tufundishe. Mwanafunzi wa mofolojia anayejifunza Grammatical Framework hujifunza kuandika kanuni ambazo haziwezi kujificha nyuma ya maneno matamu, na hilo litamfaa hata asipoandika programu tena maishani.

7.0 Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, nimejaribu kuonyesha kwamba lugha za kifankisheni huuza uhakika kwa bei ya katazo. Katika sarufi bei hiyo ni ndogo na bidhaa ni nzuri. Katika faili, kumbukumbu na mahitaji ya ghafla, bei hupanda. Mara nyingi anayelipa si mtunzi, ambaye alifurahia kazi yake na kuhitimu, bali ni yule anayeikuta miaka mitano baadaye akiwa hana wa kumuuliza.

Lugha yetu haina zana nyingi za namna hii hata tumudu kuzipoteza. Yule mwanafunzi, nilipomweleza habari ya mashine iliyokuwa chini ya meza, alicheka, kisha akanyamaza. Akaniuliza kama kanuni zake za mnyambuliko zilisomeka. Nilimwambia zilisomeka, na kwamba tumeyaacha majina yale yale aliyozipa.